Elimu ya Uongozi wa Biashara Ifike Machimboni

Matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, walimu wa shule za Shinyanga, Kahama na Geita hupata wageni wengi. Vijana huja na matokeo yao mikononi kuuliza wasome nini chuo kikuu. Yule aliyefaulu fizikia na kemia hupewa jibu upesi: udaktari, uhandisi, jiolojia. Yule aliyesomea historia au uchumi, na ambaye alama zake ni za wastani, huambiwa baada ya kimya kifupi kwamba akasome biashara. Kimya hicho kifupi kina maana yake. Kinaeleza kwamba katika fikra za wengi wenye dhamana ya kuwaongoza vijana, uongozi wa biashara bado ni elimu ya mabaki, kimbilio la mtu aliyekosa pa kwenda.

Kijana naye huenda chuoni akiwa na picha yake. Anaona meza, kiyoyozi, gari la shirika na cheo cha meneja. Miaka mitatu baadaye anarudi Kahama na shahada, anapeleka maombi benki, halmashauri na mgodini, kisha anakaa kusubiri. Wakati huo huo, kilometa chache kutoka nyumbani kwao, mamia ya watu wanaendesha biashara ya dhahabu bila daftari hata moja. Ni jambo la ajabu kwamba pande hizi mbili zinaweza kuishi wilaya moja zisijuane.

Haifai kulaumu vijana peke yao. Elimu hii ina historia yake katika nchi hii, na historia hiyo ndiyo iliyoipa sura ya ofisini. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, vyuo vitatu viligawana kazi: Dar es Salaam ilifundisha sheria, Makerere udaktari na kilimo, na masomo ya biashara yakawa Nairobi. Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Mabenki na viwanda vikuu vikawa mali ya umma, lakini watu wa kuviendesha hawakutaifishwa pamoja navyo. Pengo hilo ndilo lililozaa Chuo cha Usimamizi wa Fedha mjini Dar es Salaam na Chuo cha Uongozi wa Maendeleo Mzumbe, vyote viwili mwaka 1972. Katika mwaka huo huo mpango wa Madaraka Mikoani, uliokusudiwa kumrudishia mwananchi wa kijijini sauti yake, uliandaliwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Kimarekani. Msomaji atajaza mwenyewe maelezo ya kinaya hicho. Hatimaye, mwaka 1979, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata Kitivo cha Biashara na Uongozi.

Kwa hiyo elimu hii ilizaliwa kuhudumia mashirika ya umma. Mhitimu alijua atakwenda wapi hata kabla ya mtihani wa mwisho. Mashirika mengi kati ya hayo yameuzwa au kufungwa tangu miaka ya 1990, lakini tabia ya kusubiri kupangiwa shirika haikufungwa pamoja nayo.

Mkoa wa Shinyanga una sababu yake pekee ya kutodharau elimu hii, nayo ni pamba. Ushirika wa Usukumani ulianza na jambo dogo sana: mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walikuwa wamechoka kuibiwa ratili kwenye vituo vya kununulia pamba, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na vuguvugu hilo, chini ya viongozi kama Paul Bomani, kilizaliwa mwaka 1955 chama kikuu cha Victoria Federation, ambacho kilikua hadi kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Kilikuwa na viwanda vya kuchambulia pamba, na wanachama wake walikuwa watu wa jembe la mkono.

Lakini mwaka 1966 Kamati Maalum ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika nchini ilikuta mambo ambayo kila mtumishi wa umma angefaa kuyakumbuka. Wanachama hawakujua haki zao wala hesabu za chama chao. Watumishi wenye ujuzi walikuwa haba mno. Siasa iliingilia ajira na maamuzi. Mizani ilikuwa imekombolewa, lakini leja ilikuwa imebaki mikononi mwa wachache, na anayeshika leja anaweza kumpunja mkulima kuliko mpimaji yeyote wa kituoni. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ikavirudisha, na kwa sheria hiyo Shinyanga ikapata SHIRECU mwaka 1984. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, vyama hivyo viliingia sokoni vikiwa vimelemewa na madeni. Kuna wanaosema ushirika uliuawa na sera. Sera zilichangia, hilo halina ubishi. Hata hivyo chama kinachojua kila jioni kina fedha kiasi gani, kinadaiwa na nani na kinamdai nani, hakifi kirahisi kwa kubadilika kwa sera.

Leo wengi wa watoto na wajukuu wa wakulima hao wamo machimboni, nao wanarudia somo lile lile kutoka ukurasa wa kwanza.

Aliyewahi kufika Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo anaijua kazi ya duara. Juu kabisa yupo mwenye leseni. Chini yake yupo mwenye duara, ambaye ndiye anayetafuta fedha za chakula, magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, pampu ya kutoa maji na mafuta yake. Mara nyingi naye ana mfadhili nyuma yake, mtu wa mjini asiyeonekana. Kisha wapo wachimbaji wenyewe, ambao kwa kawaida hawana mshahara. Wanakula na kungoja. Mawe yakipatikana hujazwa katika mifuko, na mifuko ndiyo inayogawanywa. Mwenye leseni huchukua fungu lake, mwenye shamba kama yupo huchukua lake, na kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye duara na vijana wake. Mgawo hutofautiana kati ya machimbo na machimbo, na kwa kawaida haukuandikwa popote.

Mfumo huu haukubuniwa na wajinga. Una busara ndani yake, kwa maana unagawa hatari pamoja na faida, na unamwezesha mtu asiye na senti kuingia katika kazi inayohitaji mamilioni. Mwanafunzi wa uongozi wa biashara angeweza kuandika tasnifu nzima juu yake na asiumalize. Udhaifu wake ni kwamba hakuna anayejua gharama.

Uchukuliwe mfano wa duara la watu 10 linalochimbwa siku 90 kabla ya kufikia mwamba wenye dhahabu. Chakula cha shilingi 3,000 kwa kila mtu kwa siku ni shilingi 2,700,000. Mafuta ya pampu, lita 8 kwa siku kwa shilingi 3,000 kila lita, ni 2,160,000. Magogo na kamba yawe 600,000. Jumla ni shilingi 5,460,000, na bado hakuna aliyehesabu uchakavu wa pampu. Siku mawe yanapotoka na dhahabu ikauzwa kwa milioni 6, machimbo mazima husikia kwamba duara limelipa. Nyama huchomwa. Lakini mwenye leseni akiondoa theluthi moja, zinabaki milioni 4, na duara lililolipa limepata hasara ya shilingi 1,460,000 kabla kijana hata mmoja hajapewa chochote. Mwenye duara haoni hasara hiyo kwa sababu fedha alizotumia zilitoka kidogo kidogo, leo za unga, kesho za mafuta, nyingine za kukopa, na zile alizopata zimekuja siku moja zikiwa fungu. Jicho huona fungu. Hufungua duara la pili kwa furaha, na mfadhili wake wa mjini, ambaye huandika kila kitu, huendelea kumdai.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mawe hupelekwa karashani kusagwa, unga wake huoshwa katika mwalo na kukamatishwa kwa zebaki. Zebaki hiyo ni sumu, na madhara yake kwa afya yanajulikana. Linalozungumzwa kwa nadra ni hasara yake kibiashara. Zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu. Sehemu nyingine, ambayo yaweza kuwa kubwa kuliko ile iliyopatikana, hubaki katika mchanga, nao huitwa marudio. Mara nyingi marudio hayo huachwa kwa mwenye karasha au mwalo kama sehemu ya malipo yake, au huuzwa kwa bei ya kutupa. Anayeyanunua ana mtambo wa sianidi, na kabla ya kununua amechukua sampuli na kuipima. Muuzaji anauza mchanga. Mnunuzi ananunua dhahabu. Katika darasa la uhasibu wa gharama hili ni somo la kawaida kabisa, la bidhaa mbili zinazotoka katika kazi moja na namna ya kuzigawia gharama. Pengine somo hilo hufundishwa kwa mfano wa kiwanda cha petroli ambacho mwanafunzi hajapata kukiona, ilhali milima ya marudio anaiona kila anapopita barabara ya kwenda kwao.

Wapo watakaopinga kwamba biashara haisomwi. Watataja matajiri wa Katoro na Kahama ambao hawakumaliza hata darasa la saba, nao leo wana maghorofa, vituo vya mafuta na malori. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa na wenye shahada. Watu hao wanajua kumsoma mkopaji usoni, wanajua lini bei ya mchele itapanda, na wanajua kukaa kimya. Chuo hakifundishi hayo. Lakini biashara zao nyingi zimo ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Akiugua, madeni yake hayajulikani. Akifariki, warithi hugombana juu ya mali ambayo hakuna orodha yake, na mabasi yanaegeshwa. Elimu ya uongozi wa biashara haidai kumfanya mtu awe na pua ya kunusa faida. Inadai kumpa njia ya kuitoa biashara kichwani mwake na kuiweka mahali ambapo mwingine anaweza kuiendesha.

Kwa upande wa migodi mikubwa hali ni tofauti. Mgodi wa Geita wa wakati wa ukoloni ulikoma mwaka 1966. Huu wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Huko hakuna upungufu wa vitabu vya hesabu. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria za kulinda mali asili za nchi na kurekebisha Sheria ya Madini, mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 6, na mwaka 2019 Serikali na Barrick zikakubaliana kuunda Twiga, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Hatua hizo zilihitaji watu wanaojua kusoma mizania ya kampuni ya kimataifa, mahali ambapo gharama ya mkopo kutoka kampuni mama yaweza kumeza faida ya mwaka mzima. Ushuru wa huduma unaotozwa juu ya mauzo, ambao halmashauri zinastahili, nao hauwezi kuhakikiwa na afisa asiyejua mauzo yanavyoandikwa.

Isitoshe, kanuni za 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinaitaka migodi iwape Watanzania kipaumbele katika kununua bidhaa na huduma. Kanuni imefungua mlango, lakini kupita mlangoni ni kazi nyingine. Mgodi unahitaji mayai na mboga kwa kiasi kile kile kila wiki, kwa ubora ule ule, kwa ankara na stakabadhi za kodi, na malipo hayaji siku ya kupokea mzigo. Kikundi cha akina mama wa Nyakabale au Bugarama kinaweza kulima mchicha mzuri kuliko wa mtu yeyote, kikashindwa kwa sababu hakina fedha za kuvumilia hadi siku ya malipo. Kazi ya kupanga mtaji wa mzunguko, ambayo katika vitabu hujaza sura moja kavu, hapa ndiyo inayoamua kama mboga za Geita zitaliwa mgodini au zitatoka mbali. Buzwagi ilisimamisha uzalishaji mwaka 2021, na eneo lake likapangiwa shughuli za viwanda na uwekezaji. Waliokuwa wamejifunza kuuza kwa mgodi peke yake walijikuta wamebaki na mteja aliyehama.

Watumishi wa halmashauri wana ushahidi wao wa karibu zaidi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa ili utaratibu utazamwe upya, kwa kuwa ripoti za ukaguzi zilionyesha fedha nyingi zisizorejeshwa, ikatangazwa kuanza tena mwaka 2024. Vikundi hewa vilikuwepo, na hao ni wa kushughulikiwa kwa sheria. Lakini vilikuwepo pia vikundi halisi, vya watu waaminifu, vilivyonunua mashine ya kusaga bila kujua ingesaga magunia mangapi kwa siku. Afisa maendeleo ya jamii anayepewa maandiko mengi ya miradi ayachambue kwa wiki moja hawezi kufanya miujiza. Wilaya hiyo hiyo ina wahitimu wa uongozi wa biashara wanaozunguka na bahasha.

Vyuo vikuu navyo havina budi kuulizwa. Mkoa wa Shinyanga si jangwa la elimu hii. Kizumbi ipo taasisi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi inayofundisha ushirika na biashara, na jirani Mwanza vipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino na kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara. Vyuo hivi vimekaa juu ya mgodi wa mifano, kisha vinaagiza mifano kutoka nje. Shule ya Biashara ya Harvard, iliyoanzishwa mwaka 1908, ilipata sifa kwa kufundisha kwa visa halisi vya biashara zilizowazunguka wenyewe. Wengi wameiga visa vya Harvard badala ya kuiga kazi ya Harvard. Kisa cha duara la Rwamgasa, kisa cha chama cha msingi cha pamba cha Kishapu, kisa cha mama anayenunua marudio kwa ndoo, vikiandikwa kwa Kiswahili safi pamoja na hesabu zake, vingemfaa mwanafunzi, na vingesomeka pia na mwenye duara mwenyewe, jambo ambalo kwa kitabu cha Kiingereza haliwezekani.

Zamani palikuwa na utaratibu mkali zaidi. Azimio la Musoma la 1974 lilimtaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu, na mwajiri wake atoe maoni juu yake. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake na hakuna haja ya kuufufua. Hata hivyo mwanafunzi wa wakati ule aliyeketi katika somo la ugavi alikuwa amepata kuiona bohari. Wa leo hupata wiki chache za mafunzo kwa vitendo, na nyingi huziishia katika ofisi ya benki au ya halmashauri akipanga majalada na kuchapa barua. Hurudi chuoni na ripoti nzuri kuhusu majalada.

Elimu yenyewe si ya bure. Mwenye mkopo wa Bodi aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe, kiwango ambacho watumishi wengi na walimu wanakijua bila kuelezwa. Kijana anayekopa kwa masharti hayo ili ajifunze kusimamia biashara, halafu asipate biashara ya kusimamia, ni hasara ambayo yeye mwenyewe, kwa elimu aliyopewa, anaweza kuikokotoa.

Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na baadaye masoko na vituo vya ununuzi vikaenea katika mikoa yenye madini. Mwaka huo huo wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 ili wasikimbilie magendo. Tangu hapo mauzo ya mchimbaji mdogo yana karatasi: uzito, ubora, bei na tarehe. Kwa mara ya kwanza upande mmoja wa daftari lake umeandikwa, hata kama ni kwa mkono wa Serikali. Upande wa pili, wa alichotumia, bado ni mtupu, na upande huo hauhitaji profesa. Unahitaji mtu aliyesoma, mwenye kalamu na uvumilivu wa kukaa kwenye mdomo wa duara kwa miezi miwili, akiandika magunia ya unga na lita za mafuta.

Kila mwaka barua za vyuo za kuwaombea wanafunzi nafasi za mafunzo hufika katika ofisi za utumishi za Kahama, Shinyanga, Geita na Mbogwe. Kwa kawaida hugawiwa kwa idara zilizo na viti vya ziada. Hakuna kanuni inayomzuia afisa utumishi kuwaandikia vyama vya wachimbaji wadogo, vyama vya msingi vya pamba na wasimamizi wa mialo kuuliza ni nani kati yao anaweza kumpokea mwanafunzi mmoja, wala inayomzuia mkuu wa shule kumwambia mapema kijana wa kidato cha sita kwamba huko ndiko atakakopelekwa.